Wapenda Visu Wamrudie Mhunzi

Wapo watu miongoni mwetu wapendao visu kama wengine wapendavyo saa, stempu au sarafu za zamani. Hawa si wakorofi wala majambazi. Ni watu watulivu: mwalimu, karani, mwenye duka, mzee aliyestaafu. Visu vyao huvikunja katika kitambaa, huvipaka mafuta visishike kutu, na mgeni anapofika huvitoa kimoja kimoja akaonyeshwa. Siku hizi watu hawa wana malalamiko, na yafaa yasikilizwe hata na yule ambaye kisu chake ni kimoja tu, cha kukatia sukuma wiki.

Malalamiko yenyewe ni kwamba visu vyote vimekuwa kimoja. Ingia duka la vyombo mjini Machakos, kisha upande matatu, uvuke vilima vya Iveti na ushukie Kathiani, halafu uingie duka jingine. Utakuta visu ni vilevile: bapa jembamba linalong'aa, mpini wa plastiki, na chapa ya kiwanda ambacho muuzaji mwenyewe hakijui kiko nchi gani. Kisu hicho hupatikana kwa bei isiyozidi ile ya kilo moja ya sukari. Juma la kwanza kinakata vizuri. Baada ya majuma machache kinaponda nyanya badala ya kuikata. Haupiti muda mrefu mpini unalegea, na mama wa nyumbani anaufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mwenye uwezo hununua cha bei kubwa kilichotoka ng'ambo. Kweli kinakata, lakini naye hugundua kwamba kisu chake kina ndugu maelfu waliotoka katika mashine moja siku moja. Hana la kumsimulia mgeni wake isipokuwa bei.

Ndiyo sababu baadhi yao wameanza kufikiria kisu cha oda, yaani kisu kinachofuliwa na mhunzi anayejulikana kwa ajili ya mtu mmoja, kwa kipimo cha mkono wake na kwa kazi anayoitaka. Sisi twaliunga mkono wazo hilo. Hata hivyo tuna maneno ya kuwaambia, na mengine huenda yasiwapendeze.

Si jambo geni

Kwanza wakumbuke kwamba katika nchi ya Ukambani hapakuwa na kisu cha namna nyingine. Kabla ya maduka, kila kisu kilikuwa cha oda. Wahunzi wa kale walikusanya mchanga mweusi wenye madini ya chuma katika vijito, wakauosha, wakauyeyusha kwa moto wa makaa uliopulizwa kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Chuma hicho ndicho kilichotoa kavyu, kama kisu kiitwavyo kwa Kikamba, pamoja na sime, mashoka na vichwa vya mishale. Wahunzi hao hao walisifika kwa mikufu ya shaba myembamba sana, na hadi leo anayeiona kwa mara ya kwanza huuliza ni mashine gani iliyoisuka.

Mishale ilitiwa alama. Mnyama akianguka mbali na kukatokea ubishi, alama ilisema ni mshale wa nani. Chombo cha chuma kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alimjua aliyekifua. Wamasai waliwatenga wahunzi wao, Ilkunono, hata hawakuoana nao, ijapokuwa bila wao moran hakuwa na mkuki. Wakamba walimheshimu mhunzi, na wakaiogopa laana yake vilevile.

Kisha reli ikapita. Ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na bidhaa za viwanda vya Uingereza zikapata njia nyepesi ya kuingia bara. Kampuni kama Ralph Martindale ya Birmingham, iliyoanza mwaka wa 1874, zilikuwa zikitengeneza mapanga kwa ajili ya mashamba ya nchi za joto, na chapa yake ya mamba ikajulikana mbali. Tusiwe wanafiki hapa. Panga la kiwandani lilikuwa imara na rahisi, nalo lilimsaidia mkulima. Yule mzee aliyeacha kuosha mchanga mtoni hakuwa mjinga.

Lakini mhunzi hakufa. Aliacha mchanga akashika vyuma vikuukuu. Leo chuma chake ni springi ya lori au tupa iliyokwisha meno, na hiki ni chuma cha pua kigumu kuliko kile alichokuwa nacho babu yake. Na kama kuna anayedhani kwamba kazi ya oda imekufa Ukambani, basi na amwulize mchongaji wa Wamunyu kuhusu tezo lake, ngomo. Atamwambia kwamba tezo hufuliwa na mhunzi wa karibu, na kila mmoja hutaka la kwake: huyu zito, yule jepesi, huyu lenye makali mapana, yule lililopinda kidogo kwa kuchimbia. Mchongaji hawezi kutumia chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya kila mtu.

Nini kinacholipiwa

Tunawasikia watu wakisema: "Mhunzi atanitoza mara kumi ya bei ya duka, na chuma chenyewe ni takataka ya gereji." Maneno haya yanatoka kwa mtu ambaye hajasimama karibu na fuawe.

Springi ya lori si kisu. Ni lazima inyooshwe motoni, ikatwe, na ifuliwe mara nyingi kwa nyundo hadi bapa lianze kuonekana, nene mgongoni na jembamba upande wa makali. Halafu huja sehemu ambayo macho ya mgeni hayaioni. Chuma huchomwa hadi rangi maalumu ya wekundu, kisha huzamishwa ghafla. Kikizamishwa katika maji baridi huenda kikapasuka, kwa hiyo fundi mwangalifu hutumia mafuta. Kikitoka hapo ni kigumu kama kioo, na kama kioo kitavunjika kikianguka. Basi hurudishwa kwenye moto mdogo hadi rangi hafifu ya majani makavu itokee juu yake. Hapo ugumu hupungua kidogo na ustahimilivu huingia. Kikizidi kupata moto, kisu kinakuwa laini na makali hayakai. Hakuna saa wala kipimo cha joto. Kuna jicho la mtu, na jicho hilo limefundishwa kwa miaka.

Baadaye kuna mpini, kuna kunoa, kuna ala ya ngozi. Anayelipa bei ya kisu hiki hanunui springi. Ananunua jicho hilo. Tena ananunua mahali pa kurudi. Mpini wa kisu cha kiwandani ukitoka, utaupeleka wapi? Kisu cha mhunzi kina mlango wa kubisha.

Wenzetu wamelifahamu jambo hili. Mji wa Sheffield nchini Uingereza, ambako Harry Brearley aligundua chuma kisichoshika kutu mwaka wa 1913, ulijaa viwanda vya visu, lakini pia mafundi wadogo wenye karakana zao. Mmoja wao, Stan Shaw, alianza kazi akiwa mvulana wa miaka 14 akaendelea hadi uzeeni. Alifariki mwaka wa 2021, na wateja wake walikuwa radhi kungoja miaka ili wapate kisu kimoja cha mkono wake. Huko Marekani mafundi wa visu vya oda waliunda chama chao mwaka wa 1970, na Bob Loveless wa California, aliyefariki mwaka wa 2010, alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Karibu nasi zaidi, Waomani hawakuona haya kuiweka jambia lao, khanjar, katika bendera ya taifa, na mwaka wa 2022 ufundi wake ukaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu. Wote hawa wana maduka yaliyojaa visu vya bei nafuu. Hawakuona kwamba duka ni sababu ya kumwacha fundi.

Funzo la Wamunyu

Sasa tuje kwenye neno ambalo huenda likawachoma wapenda visu. Kumrudia mhunzi si kumwokoa, kama tunamrudia vibaya.

Tazameni uchongaji. Mutisya Munge wa Wamunyu aliona kazi ya wachongaji huko Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nyumbani na ufundi ambao umelisha maelfu ya watu. Ni sifa kubwa kwa Ukambani. Lakini soko lilipokua, wanunuzi hawakuuliza ni nani aliyechonga. Waliuliza ni bei gani kwa dazeni. Basi mtu mmoja akawa wa twiga tu kutoka asubuhi hadi jioni, mwingine wa vifaru tu, na faida kubwa ikamwendea mtu wa kati. Miti ya mihugu ikakatwa hadi ikawa adimu, na wachongaji wakalazimika kugeukia mwarobaini na mwembe. Kazi ya mkono ikageuka kuwa kiwanda kisicho na mashine. Huo ndio ugonjwa uleule ambao wapenda visu wanaukimbia dukani.

Je, twataka mhunzi wa Kathiani naye afue visime vya kutundika ukutani, vyenye ala nyekundu na shanga, visivyoweza kukata hata kamba ya mkonge? La hasha! Kisu kisichokata si kisu, hata kikipambwa namna gani.

Kwa hiyo anayekwenda kwa mhunzi aende akijua anachotaka. Aseme: hiki ni cha kuchuna mbuzi, au ni cha kuunganisha miche ya miembe, au ni cha kukatia masega ya asali, au ni cha jikoni kwa mama mwenye mkono mdogo. Kila kazi ina umbo lake. Anyooshe mkono wake upimwe. Alipe sehemu ya fedha kwanza ili mhunzi asinunue makaa kwa mkopo, na asipunguze bei hadi mwenzake ashindwe kulipia karo. Na akisha kukipata, akitumie. Kuna wakusanyaji wanaoona makali yakiguswa ni dhambi. Mhunzi hawezi kujifunza kosa lake kutoka kwa kisu kilichofungiwa kabatini.

Wahunzi nao wana deni. Mtu akiahidiwa siku, siku hiyo itimizwe. Kisu kijaribiwe kabla ya kutolewa, wala mteja asiambiwe springi ni tupa. Zaidi ya yote, mhunzi aweke alama yake juu ya bapa. Babu zake walitia alama juu ya mshale. Kwa nini yeye aone haya? Alama ni ahadi: kikivunjika, nirudishieni.

Jina

Tunasisitiza jambo la alama kwa sababu moja. Kati ya mwaka wa 1910 na 1912 msomi wa Sweden, Gerhard Lindblom, alikaa Ukambani akiandika juu ya mila na kukusanya vyombo. Aliandika kitabu kikubwa juu ya Wakamba, na baadaye akawa mkuu wa jumba la makumbusho ya makabila mjini Stockholm. Jina lake limehifadhiwa, na ni haki, kwa maana alifanya kazi. Lakini katika majumba mengi ya Ulaya yenye vitu vya Afrika, mara nyingi kibandiko husema tu: kisu, kabila fulani, kimeletwa na bwana fulani. Aliyeketi mbele ya moto hatajwi. Aliyekifua alikuwa mtu mwenye jina, mke, watoto na shamba, na kijiji chake chote kilimjua. Hakuna aliyeuliza.

Mkusanyaji wa leo anaweza kuuliza. Achukue daftari aandike jina la mhunzi, kijiji chake, mwaka, chuma kilitoka kwenye gari gani, na mti wa mpini. Kazi hii haigharimu hata senti. Daftari la namna hiyo litakuwa na thamani kuliko visu vyenyewe siku wajukuu watakapotaka kujua.

Tuongeze tahadhari mbili fupi. Mpini uwe wa mti au pembe ya ng'ombe. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 1977, na mwenye kutaka pembe ya ndovu au ya kifaru anaitafuta jela. Pili, kisu ni silaha vilevile. Kubeba silaha hadharani bila sababu ya halali ni kosa, hata kama imefuliwa na fundi hodari. Kikae nyumbani au kazini.

Serikali ya Kaunti ya Machakos ina vyuo vya ufundi ambavyo vijana hujifunza kuunga vyuma kwa umeme, wakatoka wakijua kutengeneza milango na madirisha. Ni vizuri. Twauliza tu kama haiwezekani mzee mwenye fuawe akaalikwa huko siku moja kwa juma, alipwe kama mwalimu, awaonyeshe rangi ile ya majani makavu. Haiwezi kufundishwa ubaoni, na wazee wakiondoka haitapatikana kitabuni.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Ukali huo una mtu anayeutia. Mpenda kisu aliyechoka na duka, kabla hajatuma fedha zake ng'ambo, na apite Kathiani kwanza aulize mlio wa nyundo unatoka wapi. Akifika, aamkie, aketi, na swali lake la kwanza lisiwe la bei. Liwe: "Mzee, waitwa nani?"