Sindano, Karatasi na Heshima ya Mikono

Ukiwauliza vijana wetu wa sekondari utamaduni ni nini, aghalabu utajibiwa kwa neno moja: ngoma. Katika nchi ya Wasukuma jibu hilo huja upesi zaidi, maana sifa za Bagika na Bagalu zimeenea mbali, na hakuna mtoto wa Bariadi, Maswa au Meatu asiyejua jinsi vyama hivyo vinavyoshindana baada ya mavuno. Hatusemi kwamba jibu hilo ni la uongo. Twasema kwamba ni pungufu. Utamaduni wa watu haumo katika ngoma zao tu. Umo pia katika yale wanayoyafanya kwa mikono yao wakati hakuna mtu anayewalazimisha wala anayewalipa.

Katika makala haya twakusudia kuitetea kazi moja ndogo ambayo wengi huidharau, nayo ni kushona madaftari na vifuko vya nguo nyumbani kwa kujifurahisha. Tumeichagua kwa sababu ni ndogo. Kazi kubwa zina watetezi wengi.

Kwanza na tueleze inavyofanywa, kwa kuwa wanaoidharau mara nyingi hawajapata kuishika sindano. Mwaka wa shule unapokwisha, madaftari ya watoto hubaki na kurasa nyeupe. Kurasa hizo huchomolewa zikiwa bado zimeungana mbili mbili. Karatasi 4 zikikunjwa katikati na kupachikwa moja ndani ya nyingine hutoa kurasa 16. Kwenye mkunjo hutobolewa matundu matatu kwa msumari mwembamba. Uzi hupakwa nta ya nyuki ili usikatike wala usilegee. Sindano huanzia ndani, ikatokea tundu la katikati, ikaingia kwa tundu la juu, ikapita ndani hadi tundu la chini, ikatoka tena, kisha ikarudi ndani kwa lile tundu la katikati. Hapo ncha mbili za uzi hukutana, hufungwa fundo juu ya uzi mrefu uliopita katikati yake, na kazi imekwisha. Jalada hukatwa katika boksi la dukani, likavikwa kipande cha kitenge kilichookotwa miguuni pa fundi cherehani, kwa gundi ya unga uliopikwa ukawa mzito. Kitenge kinachobaki hushonwa kifuko cha kutilia kalamu, au cha kutunzia lile daftari lenyewe lisipate vumbi. Na katika Bariadi ya mwezi wa Agosti, pamba ikiwa imekwisha kuuzwa na mvua bado ziko mbali, vumbi si jambo dogo.

Dharau ya kwanza yasema kwamba huu ni mchezo wa watu wasio na kazi, tena ni mchezo wa kuiga, kwamba Mwafrika na daftari la kushonwa wapi na wapi. Wenye kusema hivyo hupenda kutukumbusha kwamba kazi mbaya si mchezo mwema. Sisi twawajibu kwamba hawaijui historia yao. Maneno daftari, karatasi na jalada yalikuwamo katika Kiswahili kabla Mzungu hajafungua shule yake ya kwanza katika nchi hizi. Katika mji wa Siyu, kisiwani Pate, mafundi walinakili Kurani kwa mkono, wakazipamba kwa wino wa rangi, wakazishona na kuzitia majalada ya ngozi. Kazi zao za karne ya 18 na ya 19 zinahifadhiwa hadi leo. Huko Ethiopia watawa wameshona vitabu vya ngozi kwa karne nyingi, wakaviwekea majalada ya mbao, kisha wakavitia katika mifuko ya ngozi yenye kamba ya kuning'inizia, iitwayo mahdar. Hapo msomaji ataona daftari na kifuko vikiwa pamoja, kama vile vinavyokaa pamoja leo juu ya meza ya msichana wa Bariadi. Hata hirizi, ambayo wengine huiogopa na wengine huicheka, ni nini kwa ufundi wake ila karatasi iliyoandikwa, ikakunjwa, ikashonewa kifuko?

Mtu aweza kusema kwamba Siyu ni pwani na Ethiopia ni mbali, nasi ni watu wa bara, wakulima na wafugaji. Vema. Lakini taifa ni kurithi pamoja. Kama Msukuma anaruhusiwa kukiita Kiswahili lugha yake, basi na ufundi uliozaliwa pamoja na lugha hiyo ni wake pia. Isitoshe, kushona hakukuwa kugeni bara. Mfugaji alishona ngozi, na bibi zetu walipopasukiwa na kibuyu hawakukitupa. Walikitoboa kandokando ya ufa, wakakishona. Mkono ulioshona kibuyu hauwezi kuambiwa kwamba hauna asili ya kushona daftari.

Tukiwa tumegusa historia, yafaa tuseme jambo ambalo watu wa Simiyu hasa wangepaswa kulijua kwa moyo. Katika karne ya 19 merikebu zilizotoka Salem, Massachusetts, zilileta Zanzibar kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa. Wenyeji wakakiita merikani, kwa jina la nchi kilikotoka. Kikachukuliwa na misafara hadi Unyanyembe na mbele yake, kikawa kama fedha, kikabadilishwa kwa pembe za ndovu. Pamba iliyolisha viwanda vya huko ililimwa kusini mwa Marekani na watumwa wenye asili ya Afrika. Basi babu zetu walijitanda mavuno ya jasho la ndugu zao waliouzwa, nao wakalipa kwa mali ya nchi yao.

Leo mambo yamegeuka, lakini hayajanyooka. Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa wilaya zilizotolewa hasa katika Mkoa wa Shinyanga, unaongoza katika nchi yetu kwa kilimo cha pamba. Mbegu zilifanyiwa utafiti Ukiriguru, vinu vya kuchambulia vimo mkoani humuhumu, na wazee wanakumbuka jinsi wakulima wa Kanda ya Ziwa walivyojiunga katika vyama vya ushirika miaka ya 1950, wakiongozwa na Paul Bomani, ili wasipunjwe mizani. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1968, na miaka hiyohiyo Mwanza ilipata Mwatex, kwa nia njema ya kwamba pamba yetu tuivae wenyewe. Nia hiyo haijatimia. Sehemu kubwa ya pamba yetu bado huvuka bahari ikiwa nyuzi mbichi, nasi hununua kifuko cha kalamu kilichotengenezwa ng'ambo, tena cha plastiki, ambacho zipu yake hufa kabla ya muhula kwisha. Tarehe 1 Juni 2019 nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Siku hiyo ilikuwa nafasi ya kila nyumba yenye sindano. Lakini wengi wetu tulikwenda dukani kuuliza mifuko mbadala imefika lini.

Hatudai kwamba vifuko vya nyumbani vitaziba pengo lililoachwa na viwanda. Anayesema hivyo anawadanganya wakulima. Kiwanda kina kazi yake, na daftari la dukani lina kazi yake. Hatutaki mwanafunzi afanye hesabu zake za kila siku katika kitabu alichokishona usiku kucha. Twadai jambo jingine. Mtu ambaye hajapata kugeuza kipande cha nguo kikawa kitu cha kutumika, hataona ajabu yoyote pamba yake ikiondoka mbichi. Ataiona pamba kuwa ni kilo na bei tu. Lakini aliyekwisha kukishika kitambaa, akaujua uzi wa kwenda na uzi wa kukatiza, akajua kwa nini ukingo hukunjwa mara mbili usifumuke, huyo ameanza kuuliza maswali. Na taifa linalojitegemea huanza na watu wanaouliza.

Dharau ya pili yasema kwamba kushona ni kazi ya wanawake. Hoja hii haina haja ya kujibiwa kwa maneno mengi. Na apite mwenye kuisema katika baraza za maduka ya mji wowote wa nchi hii, ahesabu walioketi mbele ya vyerehani. Atawakuta wanaume wengi. Basi sindano ikiwa barazani na ikiingiza fedha ni ya mwanamume. Ikiwa nyumbani na ikifurahisha moyo ni ya mwanamke! Hiyo si mila ya wazee. Ni choyo tu.

Iko dharau ya tatu, nayo ni hatari zaidi kwa kuwa huja imevaa nguo za sifa. Hii ni ya wale ambao kila wakiona kitu kizuri huuliza kitauzwa wapi. Mama akishona kifuko kimoja cha kupendeza, mara hutokea mtu mwenye kalamu na fomu akimwuliza kikundi chake kina wanachama wangapi. Hatuchukii biashara. Sheria ya mwaka 2018 iliyozitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni sheria njema, na vijana wa Maswa waliotengeneza chaki za shule wametufundisha sote. Anayetaka kuuza na auze. Lakini si kila kitendo cha mwanadamu ni mradi. Mtu anayeimba shambani hatafuti soko la sauti yake. Tukiwafundisha watoto kwamba kazi ya mikono ina thamani pale tu inaponunuliwa, tutakuwa tumewafundisha pia kwamba siku isiponunuliwa ni upuuzi, na wao wenyewe ni wapuuzi kwa kuifanya.

Hapa yatupasa tukiri jambo. Sisi tunaoandika haya ni walimu. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja ya sekondari, mwanafunzi wa kidato cha pili alikuja darasani na daftari alilolishona mwenyewe kwa kurasa zilizobaki za wadogo zake. Jalada lake lilikuwa la kanga kuukuu ya bibi yake, na maneno ya kanga hiyo aliyapanga kwa ustadi hata yakakaa sawasawa katikati. Mwalimu aliyekuwa akikagua madaftari alilinyanyua juu, akawaambia wanafunzi walitazame daftari la maskini. Darasa zima likacheka. Nasi tulikuwapo mlangoni, tukasikia, tukanyamaza, tukijiambia kwamba si kipindi chetu. Hatukumwona tena msichana yule na daftari la kushona. Juma lililofuata alikuja na la dukani, jembamba, na mama yake ndiye aliyelilipia.

Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyesoma. Na hilo ndilo linalotutia uchungu, kwa kuwa kasumba hiyo aliipata shuleni, kama sisi tulivyoipata. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni wa taifa, alieleza kwamba katika makosa yote ya ukoloni hakuna lililozidi lile la kutuaminisha kwamba hatukuwa na utamaduni wetu wenyewe. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, alionya juu ya shule inayomfanya mtoto ajione yu juu ya kazi za wazazi wake. Miaka mingi imepita tangu hapo, na bado neno maskini linatosha kumvua mtoto ufundi wake mbele ya wenzake arobaini.

Sasa twapewa nafasi nyingine. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeweka mkondo wa amali katika sekondari zetu. Tayari tumesikia wazazi, na hata walimu, wakiuita mkondo wa walioshindwa. Ndugu zetu walimu, jina hilo likishika, hakuna karakana wala cherehani itakayouokoa mkondo huo. Mtaala huandikwa ofisini, lakini heshima yake hutiwa au huondolewa darasani, kwa neno moja la mwalimu, na kwa kicheko cha wanafunzi ambacho mwalimu amekiacha kipite.

Kwa hiyo hatuombi fedha wala kamati. Twaomba kwamba mwezi wa Desemba, kabla kurasa nyeupe hazijageuka kufungia karanga na kuwashia moto, kila mwalimu mwenye sindano awaoneshe wanafunzi wake matundu matatu na njia ya uzi. Nusu saa yatosha. Wavulana washone pamoja na wasichana. Asiyependa aachwe, maana kinacholazimishwa si cha kujifurahisha. Na atakayekuja na daftari lenye jalada la kanga ya bibi yake, aulizwe mbele ya darasa zima amelishonaje, kisha apewe nafasi ya kujibu.

Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Nasi tuliowahi kuucheka mbachao, au kunyamaza ulipochekwa, tuna deni la kulipa.