Egemeza kiti, mwalimu!

Leo nina hasira.

Nilipokuwa mazoezi ya kufundisha Kumsenga, kule Kibondo, nilipanga chumba, mlango hauna komeo. Namwambia mwenye nyumba, ananijibu, "Egemeza kiti, mwalimu." Kodi alishakula. Usiku silali, nasikiliza nyayo tu.

Jamani, sheria ipo! Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka mwenye nyumba apangishe chumba kinachofaa kuishi binadamu, na kiendelee kufaa hivyo muda wote wa upangaji. Chumba kisichofungika kinamfaa nani, mbuzi? Na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawapa wasio na uwezo msaada wa bure, tena inawatambua wasaidizi wa kisheria, siyo mawakili peke yao. Nani alituambia? Chuoni tunafundishwa andalio la somo, kudai komeo hapana.

Eti mgeni anyamaze, ndiyo ustaarabu. Ustaarabu gani wa kulala macho? Tukipata ajira tutapangiwa vijijini, wote wapangaji. Basi andikishaneni mkataba, na muone msaidizi wa kisheria kabla mwizi hajawaona nyie.

Haya, naenda kipindi.