Waliopanda Miti Wana Haki ya Kuuliza

Kila unapokaribia mwezi Juni, shule zetu huku Uganda hupokea wageni wenye majembe mapya. Turubai husimikwa, mgeni rasmi huketi kivulini, fulana hugawiwa, na mche mmoja hushikwa na mikono minane ili wote waonekane pichani. Shuleni kwangu tumepanda hivyo zaidi ya mara moja. Kiangazi kilipofika nilizunguka na wanafunzi wangu kuhesabu miti iliyobaki, na vidole vya mkono mmoja vilitosha. Hata hivyo, taarifa iliyopelekwa kwa wafadhili ilitaja miche yote iliyoshuka garini, wala hapana aliyeiita taarifa hiyo uongo.

Mimi naiita uongo. Nadhani pia naujua mzizi wake: vikundi vyetu vya kupanda miti vimefundishwa kuyaogopa maswali mawili, yaani ni mti upi ulio hai, na ni nani aliyeukata ule uliokuwapo kabla yake. Tunaambiwa kwamba kikundi kichanga kikiuliza hayo kitakufa. Wanaosema hivyo hawajaisoma historia ya jirani zetu wa Kenya, au wameisoma wakaificha.

Tarehe 5 Juni 1977, wanawake wa Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, Wangari Maathai akiwa miongoni mwao, waliandamana hadi uwanja wa Kamukunji, Nairobi, wakapanda miti saba kuwaenzi Wakenya saba. Mingi kati ya miti hiyo haikudumu. Huo ndio mwanzo wa shirika tunalolijua leo kwa jina la Green Belt Movement: miti saba, na mingi ikafa! Baadaye Maathai alimwendea mkuu wa idara ya misitu, akamweleza kwamba anataka kupanda mti mmoja kwa kila Mkenya, milioni 15 kwa hesabu ya wakati ule. Mkuu yule alicheka, akaahidi kuwapa miche bure. Haukupita mwaka akaitangua ahadi yake, kwa kuwa kina mama walikuwa wakiimaliza miche ya serikali.

Basi wakaotesha ya kwao. Wataalamu walipodai kwamba kazi hiyo huhitaji stashahada, wanawake wa vijijini waliokota mbegu za miti ya mahali pao, wakazisia katika vyungu vilivyovunjika na kuviweka juu, kuku wasivifikie. Kwa kila mche walilipwa senti 4 za dola ya Marekani. Lakini hawakulipwa siku ya kupanda. Malipo yalingoja hadi ithibitike kwamba mche umeshika. Niruhusuni, kama mwalimu wa lugha, nisimame hapo kidogo. Kupanda ni kitendo cha asubuhi moja. Kushika ni kazi ya mizizi na ya mtu anayechota maji kwa miezi kadhaa, na kamera haiwezi kuipiga picha. Shirika lile lilichagua kulipia kitenzi cha pili. Misaada ya Norwei na ya mfuko wa wanawake wa Umoja wa Mataifa ilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilivikuta vitalu tayari vikiwapo. Huku kwetu mara nyingi mfadhili hufika kwanza, ndipo kikundi hutafutwa.

Swali la pili ndilo lililowagharimu. Katika semina zao, wanavijiji waliombwa kuorodhesha shida zao na kueleza zimetoka wapi, na Maathai aliwapa mfano wa abiria aliyepanda basi lisilo lake: kwa nini alipanda, na kwa nini hakuuliza? Watu waliozoea kuulizana hivyo hawakuweza kunyamaza mwaka 1989, ilipotangazwa kwamba jengo la ghorofa 60 litasimamishwa ndani ya bustani ya Uhuru Park. Maathai aliandika barua za kupinga. Bungeni shirika lake likadhihakiwa kuwa kundi la wanawake waliotalikiwa, na ofisi yake, iliyokuwa katika jengo la serikali, ikaamriwa kuhamwa kwa muda wa saa 24. Kazi ikahamia nyumbani kwake. Jengo halikujengwa. Tarehe 8 Januari 1999 walipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, uliokuwa umegawiwa watu binafsi, walishambuliwa, naye akapasuliwa kichwa. Agosti mwaka uo huo Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Kikundi kile hakikufa. Kamati ya Nobel ilipomtunuku Maathai mwaka 2004, miti iliyokwisha kupandwa ilihesabiwa kuwa zaidi ya milioni 30.

Mtaniambia kwamba Uganda si Kenya. Ni kweli, lakini Mabira iko wapi? Mwaka 2007 palikuwa na mpango wa kuitoa karibu robo ya msitu huo wa hifadhi, hekta 7,100, ilimwe miwa. Watu waliingia barabarani Kampala mwezi Aprili. Baadhi walipoteza maisha, na miongoni mwao alikuwamo Mhindi asiye na hatia aliyeuawa na waandamanaji wenyewe. Siwezi kuitetea siku ile nzima, na mwanafunzi wangu anayeisimulia kama sherehe humkatiza. Lakini mpango ule ulisimamishwa, na msitu ungali pale. Kwa miaka mingapi tungepanda miche shuleni ili kufidia hekta hizo?

Ndiyo maana nakasirika ninapomsikia kiongozi akivitaka vikundi vya miti viache siasa. Ibara ya 237 ya Katiba yetu ya mwaka 1995 inasema kwamba misitu ya hifadhi hushikwa na serikali kwa amana, kwa niaba ya raia. Aliyeweka amana akiuliza habari zake, ameingia siasa gani? Mama anayenyeshea mche bondeni, huku juu ya mlima lori likishusha magogo usiku, akikatazwa kuuliza lori ni la nani, basi amegeuzwa kibarua wa mwenye lori, tena kibarua asiye na ujira.

Juni ijayo, wageni wa shule yetu watakuta daftari mezani lenye safu tatu: miche iliyopokewa, miche iliyo hai, na jina la anayeinyeshea. Mgeni rasmi atatia sahihi safu ya kwanza. Ya pili itajazwa mwezi Februari, jua linapokuwa kali, na barua ya kumwalika arudi siku hiyo nimekwisha kuiandika.