Umbo la Molekuli: Kukariri au Kukokotoa?

Ipo desturi ya kufundisha maumbo ya molekuli kwa jedwali. Mwanafunzi huandika kwamba molekuli ya kaboni dioksaidi imenyooka, ya maji imepinda, na ya amonia ni mfano wa piramidi. Kisha huyakariri hayo hadi siku ya mtihani. Mtihani ukipita, jedwali husahauliwa. Desturi hiyo yafaa iachwe, kwa kuwa maumbo hayo hayahitaji kukaririwa. Mwenye kujua kuhesabu elektroni aweza kuyapata mwenyewe.

Mwaka 1940 Sidgwick na Powell, wanakemia wa Uingereza, walieleza kwamba umbo la molekuli hutegemea idadi ya jozi za elektroni zinazoizunguka atomu ya katikati. Mwaka 1957 Gillespie na Nyholm waliliendeleza wazo hilo likawa kanuni kamili. Msingi wake ni mwepesi: jozi za elektroni husukumana, na kila moja hukaa mbali na nyingine kadiri iwezekanavyo. Jozi mbili huelekea pande mbili zinazopingana, kwa pembe ya nyuzi 180. Tatu hutawanyika kwa nyuzi 120. Nne huelekea ncha nne za tetrahedroni, kwa nyuzi 109.5. Aidha, jozi pweke, yaani ile isiyounganisha atomu mbili, husukuma kwa nguvu zaidi kuliko jozi ya muungano.

Maji ni mfano mzuri. Oksijeni ina elektroni 6 za nje, na kila hidrojeni huleta moja. Jumla ni 8, yaani jozi nne. Mbili huunganisha hidrojeni na mbili ni pweke. Hizo pweke huzibana zile za muungano, na pembe hupungua kutoka 109.5 hadi 104.5. Amonia, yenye jozi pweke moja tu, ina pembe ya nyuzi 107 hivi. Methani, isiyo nayo, hubaki na 109.5 kamili. Katika kaboni dioksaidi, kaboni haina jozi pweke, na kila muungano maradufu huhesabiwa kuwa upande mmoja. Kwa hiyo molekuli hunyooka.

Tofauti hiyo si ndogo. Kwa kuwa molekuli ya maji imepinda, upande wake mmoja una chaji hasi kidogo na wa pili chaji chanya kidogo. Ndiyo sababu maji huyeyusha chumvi. Lau molekuli hiyo ingalinyooka, mivuto ya pande zake mbili ingalibatilishana, kama ilivyo katika kaboni dioksaidi.

Kanuni hupimwa kwa yale ambayo bado hayajaonekana. Mwaka 1962 zenoni, gesi iliyodhaniwa haiungani na kitu, ilianza kuunganishwa na elementi nyingine. Zenoni yenye florini nne ina jozi sita, mbili zikiwa pweke. Pweke hizo hukaa pande zinazopingana, na florini nne hubaki katika mraba bapa; vipimo vilithibitisha hivyo. Kuhusu zenoni yenye florini sita, Gillespie alitabiri kwamba jozi ya saba ingelipotosha umbo la molekuli, ingawa wengine walitarajia umbo lenye ulinganifu kamili. Majaribio yalimpa haki Gillespie.

Wapo wasemao kwamba kanuni hii ni ya kukadiria tu, na kwamba ukweli kamili umo katika hesabu za kwanta. Hoja yao ina uzito. Pembe ya salfidi ya hidrojeni ni nyuzi 92 hivi. Kanuni husema tu kwamba itapungua chini ya 109.5, haisemi itafika wapi. Lakini dawa si kurudi kwenye jedwali. Dawa ni mwalimu kuutaja upungufu huo waziwazi, ili mwanafunzi ajue mapema kwamba kila kanuni ya sayansi ina mipaka yake.

Vifaa vya somo hili si ghali. Tonge la udongo na vijiti huonyesha umbo, lakini kijiti hukaa popote kilipochomekwa. Maputo manne yakifungwa pamoja shingoni hayangoji kupangwa: yenyewe husukumana hadi yakaunda tetrahedroni. Udongo huonyesha umbo, na maputo huonyesha sababu yake.

Mitihani nayo haina budi kubadilika. Badala ya kumtaka mwanafunzi ataje umbo la amonia, aulizwe hivi: boroni na nitrojeni kila moja huungana na florini tatu; mbona molekuli ya kwanza ni bapa na ya pili ni piramidi? Jedwali laweza kusema kwamba ndivyo zilivyo. Anayehesabu jozi ataliona jibu: nitrojeni ina jozi pweke moja, boroni haina.