Daftari la Kazi ni Mali ya Umma

Tarehe 28 Aprili 1994, na kwa muda wa saa 24 hivi, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Wilaya ya Ngara. Katika siku chache kambi ya Benaco, iliyopewa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, ilikuwa na watu wengi kuliko miji yetu mingi. Waliopokea mzigo huo walikuwa wengi pia: Serikali ya Wilaya, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, Msalaba Mwekundu, Madaktari Wasio na Mipaka, na mashirika mengine ya maji na chakula.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ngara ilionyesha kwamba hata watu huweza kupotea hivyo hivyo. Siku za mwanzo chakula kiligawiwa kupitia viongozi wa komuni za huko walikotoka wakimbizi, nao ndio waliotaja idadi ya watu wao. Aliyeshika orodha akashika chakula, na aliyeshika chakula akashika watu. Na miongoni mwa walioshika orodha walikuwamo walioongoza mauaji ya kimbari. Ndiyo maana kuandikisha wakimbizi kaya kwa kaya kulikuwa kazi ya siasa, wala si kazi ya karani tu.

Tumeikumbuka habari hiyo kwa sababu jirani yake Ngara, Wilaya ya Biharamulo, ilipata mtihani wa namna nyingine Januari 2025. Tarehe 20 ya mwezi huo Rais Samia Suluhu Hassan alilitangazia taifa kuwa virusi vya Marburg vimethibitishwa mkoani Kagera. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Wagonjwa 2 walithibitishwa kwa vipimo, wengine 8 walihesabiwa kuwa huenda waliugua, na wote 10 walifariki dunia.

Ugonjwa huo hauna dawa ya kuutegemea iliyoidhinishwa, wala chanjo iliyoidhinishwa. Silaha kubwa ni kumtenga mgonjwa na kumjua kila aliyemgusa. Kila aliyemgusa huangaliwa siku 21 mfululizo. Basi mhudumu wa afya wa kijijini, muuguzi wa zahanati, mtaalamu wa maabara na mganga mkuu wa wilaya wote wanategemea orodha moja. Jina likiandikwa kwa R na mmoja na kwa L na mwingine, kama itokeavyo sana katika nchi ya Wahangaza, Washubi na Wasubi, mtu mmoja huwa wawili, au wawili huwa mmoja, na nyumba moja haipigiwi hodi. Hata mwisho wa mlipuko hutangazwa kwa kuhesabu siku 42, yaani mara mbili ya zile 21, baada ya mgonjwa wa mwisho kupona au kuzikwa. Ikikosekana tarehe iliyoandikwa siku ile ile, hakuna pa kuanzia kuhesabu.

Ikiwa tunaweza kuandika vizuri pale kifo kinapobisha hodi, kwa nini hatuandiki katika siku za kawaida? Ofisi nyingi za umma zinaugua ugonjwa ambao sisi tunauita umiliki wa kumbukumbu. Afisa anakaa na jalada katika droo, ufunguo uko mfukoni, na siku akihamishwa ufunguo unahama naye. Mwalimu mkuu mpya anafika shuleni anakuta kitabu cha matukio kilikoma miaka miwili nyuma. Wazazi walichanga madawati mangapi, hajui, na kamati ya shule kila mjumbe ana hesabu yake. Kompyuta hazikuuponya ugonjwa huu. Nywila inayojulikana na mtu mmoja haina tofauti na ule ufunguo.

Wapo wanaofanya hivyo kwa uvivu. Wengine, na hao ndio wa kuogopwa, wanajua kwamba asiyeandika hawezi kuulizwa. Mwananchi anayefuata habari ya shamba lake huambiwa arudi Jumatatu, kwa kuwa anayejua hayupo. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikemea majivuno na dharau za viongozi kwa wananchi. Kumfanya raia ategemee kumbukumbu ya kichwa cha mtumishi mmoja ni dharau ya aina hiyo hiyo, ingawa inafanywa kwa tabasamu.

Sheria hazikosekani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka kijiji kiwe na rejista ya ardhi yake, na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya Taifa ya 2002 inahusu kumbukumbu za ofisi zote za umma. Biharamulo yenyewe ilimegwa mwaka 2005 ikazaliwa Wilaya ya Chato, ambayo mwaka 2012 iliingizwa katika Mkoa mpya wa Geita. Mipaka ikisogea namna hiyo, mwenye shamba hana shahidi mwingine ila karatasi, na karatasi hiyo haina budi kujulikana iko masjala gani.

Tunawataka Wakurugenzi wa Halmashauri za wilaya hizi mbili waanze na jambo moja linalowezekana mwezi huu huu. Kila kazi inayofanywa na idara zaidi ya moja iwe na daftari moja, lenye tarehe na jina la aliyeandika, nalo likae mahali ambapo wote wanaohusika wanaweza kulifikia. Kikao kisifungwe kabla maazimio hayajasomwa kwa sauti na kila mmoja kukubali aliyopewa kutenda. Na mtumishi anayehamishwa, awe ni mwalimu wa Rulenge au mtendaji wa Nyakahura, asiruhusiwe kuondoka kituoni mpaka mrithi wake atie saini kwamba amelisoma jalada, si kwamba amelipokea tu.