Usimfungie Chumbani

Si kila anayemeza tembe alianzia kwa pusha. Wengine walianza na dawa halali: diazepam ya kukosa usingizi, tramadol baada ya ajali ya bodaboda. Maumivu yakaisha, tembe zikaendelea.

Familia ikigundua, kijana hufungiwa chumbani "mpaka atoke". Hapo ndipo penye hatari. Aliyezoea diazepam muda mrefu akikatizwa ghafla anaweza kushikwa na kifafa, hata kufa. Nyumbani watasema ni jini. Kisomo kisomwe, hakuna ubaya, lakini daktari ndiye anayejua kumpunguzia dozi kidogo kidogo, pengine kwa miezi.

Akiwa ni rafiki yako, keti naye wakati hajalewa. Muulize anameza nini, ngapi kwa siku, na kama anachanganya na pombe au unga, maana mchanganyiko huo unaweza kukata pumzi. Neno teja liache. Kisha mpeleke hospitali wewe mwenyewe, pakiti za tembe mkononi. Simu ya NACADA, 1192, ni ya bure.

Na mwenye duka la dawa anayemuuzia bila cheti cha daktari anavunja sheria, naye aripotiwe.