Tezi za Kwapani Hazipimi Ukimwi

Kijana kabusiana na msichana Jumamosi usiku, basi. Jumanne koo linawasha, na tayari keshajihukumu. Anajipapasa kwapani akitafuta tezi, anamulika ulimi kwa tochi ya simu, anapanda mzani wa duka la dawa kuona kama kapungua. Mwambie atulie, atakujibu kuwa mwili hausemi uongo.

Imani hiyo inatesa watu bure. Homa, vipele na maumivu ya koo vya mwanzo wa maambukizi ya VVU, vikija, huja wiki mbili hadi nne baadaye, si siku ya tatu. Tena havina alama ya pekee: malaria na mafua huleta hayo hayo, na wapo walioambukizwa wasioona dalili yoyote. Kuhusu tezi, kwapa linalominywa kutwa litauma tu, hata la mtu mzima wa afya.

Najua tulikoitoa imani hiyo. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na miaka mingi ikapita kabla dawa za ARV hazijawafikia watu wa kawaida. Waganda waliuita Slim kwa jinsi ulivyokondesha. Watu walisoma miili ya wenzao kwa sababu hawakuwa na kingine cha kusoma. Leo kipimo kipo, lakini bado tunaamini vidole vyetu kuliko kipimo.

VVU haviambukizwi kwa mate. Wapo wanaobisha: mbona kipimo cha kujipima kinapanguswa kwenye ufizi? Kipimo kile kinatafuta kingamwili, yaani askari wa mwili, hakitafuti kirusi. Na jibu likitoka hasi baada ya miezi mitatu, bila tukio jipya katikati, hakuna kirusi "kilichojificha" kinachomsubiri mtu kwenye kituo cha kupima kinachofuata.

Hapa nawalaumu na baadhi ya washauri nasaha. Mtu anaingia anatetemeka, anatobolewa kidole, anaambiwa arudi baada ya miezi mitatu, wala hakuna aliyemuuliza alifanya nini hasa. Kwa aliyebusu tu, miezi hiyo ni kifungo asichostahili: halali, hali, kazi haziendi. Alihitaji kuambiwa kwa sauti ya uhakika kwamba hakuwa hatarini, aende nyumbani.

Imani hiyo hiyo inamdanganya mwenzake kwa upande wa pili. Huyu kalala bila kondomu na mtu asiyejua hali yake, ila mtu huyo ni mnene, ngozi inang'aa, kwa hiyo hana wasiwasi. Yeye ndiye wa kukimbilia hospitali usiku huo huo kuomba PEP, dawa za siku 28 zinazopaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndivyo bora. Haendi. Anasubiri kwanza aone kama atapata homa.